Kuchujika Si Kudumu

Majarida ya kemia huchapisha bila kukoma makala yanayotangaza kichocheo kipya kilichofungwa kwenye polima, kinachochujwa baada ya kazi na kutumiwa tena mara tano, mara nane, mara kumi. Makala hayo hufanana sana. Huwa na mchoro wa nguzo zenye urefu karibu sawa, kila nguzo ikiwakilisha mzunguko mmoja, na juu ya nguzo mavuno ya asilimia 97, 96, 96, 95. Hitimisho nalo huwa moja: kichocheo ni imara, kwa hiyo mchakato ni wa kijani. Msimamo wangu ni kwamba mchoro huo, ukisimama peke yake, hauthibitishi lolote kati ya hayo mawili. Kichocheo kinachochujika kirahisi si lazima kidumu, na kinachodumu si lazima kipunguze taka. Linaloamua ni swali moja linaloulizwa mara chache: kifungo kinachokishikilia kichocheo kwenye polima kiko nje ya mmenyuko, au kimo ndani yake? Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha vichocheo vya polima vilivyokwisha kubadili viwanda na vile ambavyo bado vinadaiwa ushahidi.

Hamu ya kuvitafuta vichocheo hivi ni halali kabisa. Mwaka 1992 Roger Sheldon alipendekeza kipimo rahisi kiitwacho kigezo E, yaani kilo za taka zinazozalishwa kwa kila kilo moja ya zao. Kwa hesabu yake, usafishaji wa mafuta ya petroli ulikuwa chini ya 0.1, kemikali za wingi zilikuwa kati ya chini ya 1 na 5, kemikali maalumu kati ya 5 na 50, dawa kati ya 25 na 100, na mara nyingine zaidi. Kadiri molekuli inavyokuwa ngumu kuijenga, ndivyo inavyoacha uchafu mwingi nyuma yake, na sehemu kubwa ya uchafu huo ni viyeyushi na chumvi. Chukua asidi salfuriki inayotumiwa kama kichocheo ndani ya kimiminika. Kazi ikiisha asidi bado ipo yote, na njia ya kawaida ya kuimaliza ni kostiki soda: kila kilo 1 ya asidi hudai takriban gramu 816 za kostiki soda na kuacha kilo 1.45 za salfeti ya sodiamu, chumvi ambayo hakuna aliyeiagiza. Kikundi cha asidi kikifungwa kwenye punje ya plastiki, punje huchujwa na chumvi haizaliwi. Kwa sababu kama hizi, Paul Anastas na John Warner walipoandika kanuni 12 za kemia ya kijani mwaka 1998, uchocheaji ulipewa kanuni yake wenyewe.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko jina hilo. Mwaka 1935 Adams na Holmes, wanakemia wa Uingereza, walionyesha kwamba resini za fenoli na fomaldehaidi zinaweza kubadilishana ioni na maji. Katika muongo uliofuata Gaetano D'Alelio wa General Electric, Marekani, akatengeneza resini za polistaireni zenye vikundi vya asidi ya sulfoniki, familia ambayo hadi leo hulainisha maji ya boila. Mwaka 1963 Bruce Merrifield wa Taasisi ya Rockefeller, New York, alifunga asidi amino kwenye punje za polistaireni na kuongeza nyingine moja baada ya nyingine, akiosha masalia badala ya kusafisha zao katika kila hatua. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Baada yake swali likaja lenyewe: ikiwa molekuli inayojengwa inaweza kufungwa kwenye punje, kwa nini kisifungwe kichocheo kinachoijenga?

Kifungo na kazi yake

Ili kulijibu swali hilo lazima kwanza tuelewe punje. Polima si ukuta ambao kichocheo kimebandikwa juu yake. Katika resini za jeli, minyororo ya polistaireni hufungamanishwa kwa asilimia 1 au 2 tu ya divinilibenzini, na sehemu kubwa ya vituo vya kazi imo ndani ya punje. Punje ikitiwa kwenye toluini au tetrahidrofurani huvimba, minyororo huachana na molekuli hupata njia ya kupita. Ikitiwa kwenye maji au methanoli hunywea, na vituo vya ndani havifikiki. Resini zenye matundu ya kudumu, zilizofungamanishwa kwa divinilibenzini nyingi zaidi, hazitegemei sana uvimbe huo, na ndiyo maana viwanda huzipendelea. Kiyeyushi, basi, ndicho kinachoamua ni vituo vingapi vitafanya kazi. Mtafiti anayesifu polistaireni ya jeli kwa kuchochea ndani ya maji anapaswa kupima ni sehemu gani ya vituo alivyoviweka inayofikiwa kweli, kwa maana kile kinachoonekana kuwa udhaifu wa kichocheo huenda kikawa ni mlango uliofungwa, na kile kinachoonekana kuwa nguvu yake huenda kikawa ni kazi ya vituo vichache vya juu peke yake.

Tuanze na mafanikio. Resini ya asidi ya sulfoniki yenye matundu ya kudumu, kama Amberlyst-15, hubeba takriban milimoli 4.7 za asidi kwa kila gramu kavu. Kazi yake ni kuipa molekuli protoni na kuipokea tena. Kinachokwenda na kurudi ni protoni peke yake. Kiungo kati ya kaboni ya polima na salfa hakiguswi katika hatua yoyote ya mmenyuko. Huo ndio msingi wa mafanikio yote. Viwanda vimetumia resini za aina hii kuunganisha methanoli na isobutini kupata MTBE, kiongezeo cha petroli, na kuunganisha fenoli na asetoni kupata bisfenoli A, punje zikiwa zimejazwa katika matangi na malighafi ikipita kati yake kwa muda mrefu. Hata vifo vya resini hizi vinaeleweka. Joto likipita takriban nyuzi 120 za Selsiasi, vikundi vya asidi huanza kung'oka. Ioni za sodiamu, kalisi au chuma zilizomo kwenye malighafi hukalia nafasi za protoni. Mazao mazito ya kando huziba matundu. Kila sababu ina kinga yake: kudhibiti joto, kusafisha malighafi kabla haijaingia, kuirudishia resini protoni zake kwa asidi. Kichocheo ambacho kifo chake kinaeleweka ni kichocheo kinachoweza kutunzwa.

Sasa weka paladiamu mahali pa protoni. Mimenyuko ya kuunganisha kaboni kwa kaboni iliyowapa Richard Heck, Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2010 imeenea katika usanisi wa dawa, na inawavutia sana watengenezaji wa vichocheo vya polima kwa kuwa paladiamu ni ghali na haitakiwi ndani ya kidonge. Lakini angalia mzunguko wenyewe. Paladiamu isiyo na chaji huingia kati ya kaboni na bromini na kuzishika zote mbili. Papo hapo hali yake ya kikemikali hubadilika, majirani inaowahitaji hubadilika, na ligandi iliyokuwa ikiishikilia kwenye polima hulegea au husukumwa kando. Mzunguko ukiisha, paladiamu hurudi katika hali yake ya kwanza, tayari ama kunaswa tena na polima, ama kukusanyika na wenzake na kuwa chembe nyeusi za metali. Hapa kifungo kimo ndani ya mmenyuko. Kuvuja ni sehemu ya kazi yenyewe, hata mtengenezaji awe makini kiasi gani. Ni kama majani ya chai: yakichemshwa mara ya pili na ya tatu bado hutoa rangi, na rangi hiyo ndiyo ushahidi kwamba kilichokuwa ndani ya jani kinatoka.

Kiasi kinachotosha kufanya kazi yote ni kidogo mno. Mwaka 2003 watafiti wa kampuni ya DSM nchini Uholanzi, akiwamo Johannes de Vries, walionyesha kwamba mmenyuko wa Heck kwa bromidi za arili unaendelea vizuri kwa paladiamu ya kati ya asilimia 0.01 na 0.1 ya moli, bila ligandi. Piga hesabu. Kichocheo cha polima kikitumiwa kwa asilimia 1 ya moli, na sehemu moja tu katika mia ya paladiamu yake ikavuja, kilichovuja ni asilimia 0.01 ya moli. Kiasi hicho, kikiwa huru ndani ya kimiminika, kinaweza kuibeba kazi yote. Asilimia 99 iliyobaki kwenye punje huchujwa, hupimwa na kusifiwa kwa kazi ambayo huenda haikuifanya. Mwaka huo huo wa 2003, kundi la Nicholas Leadbeater lilitangaza muungano wa Suzuki usiohitaji metali. Mwaka 2005 kundi hilo hilo, kwa uaminifu wa kupigiwa mfano, liliripoti kwamba paladiamu ilikuwamo ndani ya kabonati ya sodiamu ya dukani, kwa takriban sehemu 50 kwa bilioni, na kwamba kiwango hicho kilitosha. Mtu akiyajua haya, hawezi tena kusema kwamba metali haivuji kwa sababu tu kimiminika kilichochujwa kinaonekana kisafi machoni.

Madhara yake yanafika hadi kwa mgonjwa. Mwongozo wa kimataifa wa ICH Q3D kuhusu metali katika dawa unaruhusu mikrogramu 100 za paladiamu kwa siku kwa dawa ya kumeza. Kwa dozi ya gramu 10 kwa siku, hiyo ni sawa na sehemu 10 kwa milioni. Mmenyuko wa milimoli 1 wenye asilimia 1 ya moli ya paladiamu una takriban mikrogramu 1,064 za metali hiyo. Asilimia 1 tu ikivuja na kubaki katika gramu 0.2 za zao, tunapata takriban sehemu 53 kwa milioni, zaidi ya mara tano ya kikomo hicho. Maneno "asilimia 99 ya metali imebaki" yanasikika kama ushindi; kwa mtengeneza dawa yana maana kwamba hatua ya kusafisha zao bado inahitajika, na hatua hiyo ndiyo tuliyokuwa tumeahidiwa kuepushwa nayo.

Kati ya ncha hizi mbili vimo vichocheo vya oganiki visivyo na metali, vile vilivyotambuliwa na Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 kwa Benjamin List na David MacMillan. Prolini ni mfano mzuri. Kwa kuanzia na haidroksiprolini, mtafiti anaweza kuifunga molekuli kwenye polistaireni kupitia oksijeni iliyo mbali na naitrojeni na asidi zinazofanya kazi. Hivyo ndivyo Miquel Pericàs na wenzake huko Tarragona, Hispania, walivyojenga vichocheo vya prolini vilivyofungwa imara. Kifungo kiko nje ya mmenyuko, na kwa hiyo kuvuja si tatizo kubwa. Tatizo ni jingine: kituo chenyewe kinaweza kufa mahali kilipo, kwa kunaswa katika mmenyuko wa kando na aldehaidi. Pia ipo hoja ya gharama. Prolini ya kawaida ni rahisi, na huyeyuka katika maji kiasi cha kuweza kuoshwa ikatoka. Anayeifunga kwenye polima lazima aonyeshe kwamba anapata kitu ambacho maji hayawezi kumpa, kwa mfano uwezo wa kuendesha mmenyuko kwa mtiririko usiokatika.

Dhana zinazopaswa kusahihishwa

Dhana ya kwanza ni kwamba mavuno yasiyoshuka ni ushahidi wa kichocheo kisichochoka. Fikiria mmenyuko wa kawaida ambao kichocheo kipya huufikisha asilimia 99 kwa saa 1. Kikipoteza asilimia 90 ya nguvu zake, kitahitaji saa 10 kufika hapo hapo. Mtafiti anayeacha kila mzunguko ukiendelea kwa saa 12 ataandika zaidi ya asilimia 99 katika hali zote mbili, na nguzo zake zitalingana, hali kichocheo chake kimekaribia kufa. Mavuno ya mwisho huficha mwendo. Mwendo wa mwanzo ndio unaosema kweli. Zaidi ya hayo, hasara ndogo hulimbikizana. Kichocheo kinachobakiza asilimia 97 ya nguvu kila mzunguko kitakuwa na takriban asilimia 74 baada ya mizunguko 10, na takriban asilimia 22 baada ya 50. Kwa makala ya jarida mizunguko kumi inapendeza. Kwa kiwanda kinachofanya kazi mwaka mzima, ni asubuhi moja.

Dhana ya pili ni kwamba kurudia matumizi, kwa yenyewe, ni kuokoa. Kichocheo cha polima cha asilimia 1 ya moli kinachorudiwa mara 10 huwa kimegeuza molekuli 1,000 kwa kila kituo. Kichocheo kinachoyeyuka kikitumiwa mara moja tu kwa asilimia 0.1 ya moli hugeuza idadi hiyo hiyo ya molekuli, bila kuchujwa wala kuoshwa. Ulinganisho wa haki ni wa jumla ya kazi kwa kila kituo, na mpinzani anayestahili ni kichocheo bora kinachoyeyuka, si kile kilichotumiwa kwa ubadhirifu ili kisionekane kitu. Wapo wanaojibu kwamba paladiamu ni ghali mno kutupwa. Hilo ni kweli, na ndiyo maana viwanda vikubwa haviitupi: masalia ya kimiminika yenye paladiamu hupelekwa kwa wasafishaji wa metali za thamani, ambao huirudisha. Polima hurahisisha ukusanyaji huo, na ni faida ninayoikubali. Lakini ni faida ya kiasi, na inapaswa kupimwa kwa kiasi.

Dhana ya tatu inahusu kuosha. Baada ya kila mzunguko punje huoshwa, na kiyeyushi cha kuoshea mara nyingi hakiingizwi katika hesabu yoyote. Tuchukue mfano: punje zinaoshwa mara tatu kwa mililita 10 za tetrahidrofurani kila mara, na zao la mzunguko ni gramu 0.2. Mililita hizo 30 zina uzito wa takriban gramu 27, mara 133 ya uzito wa zao. Hatujahesabu kiyeyushi cha mmenyuko wala cha kusafishia zao, na tayari tumeuvuka ule mpaka wa 100 ambao Sheldon aliuona kwenye dawa. Hapa njia ya Merrifield inatufundisha jambo: urahisi wa kutenganisha kwa punje umelipiwa tangu mwanzo kwa kuosha kwingi, na usanisi wa peptidi kwenye punje unajulikana hadi leo kwa wingi wa viyeyushi vyake. Kichocheo cha polima kikioshwa kwa kiyeyushi kingi kuliko ambacho kingehitajika kuyaondoa masalia ya kichocheo cha kawaida, kimehamisha taka kutoka chupa moja hadi nyingine.

Dhana ya nne ni kwamba polima yenyewe haina gharama. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Njia ya zamani ya kuiandaa polistaireni ipokee kichocheo ilikuwa kuitia vikundi vya klorometili kwa klorometili methili etha, kemikali inayokuja pamoja na bis(klorometili) etha, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Ipo njia salama zaidi ya kuanzia na vinilibenzili kloridi, na msomaji ana haki ya kuambiwa ni ipi iliyotumika. Hata polima za asili hazikwepi swali hili. Kaitosani, inayopendwa kwa sababu hutokana na maganda ya kamba na kaa, hupatikana kwa kuyaondolea maganda madini kwa asidi hidrokloriki na kisha kuyapika katika kostiki soda kali. Ganda ni taka ya bure; maji machafu ya mchakato si ya bure. Naunga mkono polima za asili kwa dhati, kwa sharti kwamba asidi na kostiki hizo zihesabiwe katika daftari moja na sifa zake.

Dhana ya tano ni kuchanganya usafi wa njia na usafi wa zao. MTBE ilitengenezwa kwa kichocheo cha polima ambacho ni miongoni mwa vilivyofanikiwa zaidi katika historia ya fani hii. Lakini MTBE yenyewe ilivuja kutoka matangi ya vituo vya mafuta, ikaingia kwenye maji ya ardhini, na California ikaipiga marufuku katika petroli. Njia ilikuwa safi. Zao likawa tatizo. Sikilaumu kichocheo kwa hilo, lakini namkumbusha anayeandika neno "kijani" kwenye kichwa cha habari kwamba neno hilo huhukumu safari nzima, kuanzia malighafi hadi mahali zao linapoishia.

Yapo mapingamizi ninayoyaheshimu. La kwanza husema kwamba, hata kama paladiamu inavuja na kurudi, mchakato wote unaweza kuwa bora kuliko wa kimiminika, kwa sababu punje hutoa metali kidogo kidogo na kuinasa tena mwishoni. Nakubali, na katika hali fulani hiyo ni njia nzuri ya kufanya kazi. Sharti langu ni kwamba iitwe kwa jina lake: punje ni ghala la paladiamu, na kichocheo kimo ndani ya kimiminika. Jina likiwa sahihi, tutajua la kupima, yaani ni kiasi gani kinatoka, kiasi gani kinarudi na kiasi gani kinabaki katika zao. Pingamizi la pili husema kwamba ukali huu utawafungia mlango watafiti wa vyuo visivyo na mashine za gharama za kupimia metali. Ningekubali kama vipimo vyote vingetaka mashine hizo. Havitaki. Kupima mwendo wa mwanzo kunadai saa, sampuli chache na namna yoyote ya kujua kiasi cha zao. Kuchuja kimiminika kingali cha moto katikati ya mmenyuko, na kuangalia kama kinaendelea kugeuka bila punje, kunadai kichujio na uangalifu. Kupima asidi iliyobaki kwenye resini kunadai bureti, kostiki soda na finolfthalini. Umaskini wa vifaa hauwezi kuwa sababu ya kuacha vipimo ambavyo maabara ya shule ya sekondari inaweza kuvifanya.

La kufanya

Pendekezo langu la kwanza ni kwa wahariri, wahakiki na wasimamizi wa tasnifu: lisikubalike dai la kichocheo kinachorudiwa pasipo mwendo kupimwa katika kila mzunguko, mmenyuko ukiwa umefika nusu au chini ya hapo. Pendekezo la pili ni kwamba kwa vichocheo vya metali kipimo kimoja cha kuvuja kisitoshe. Kuchuja moto moto kunaweza kudanganya, kwa sababu paladiamu huru inaweza kunaswa tena na punje au kugeuka metali nyeusi ndani ya dakika chache kimiminika kikipoa. Kwa hiyo kiambatane na jaribio la awamu tatu, ambalo Julius Rebek alilianzisha miaka ya 1970: molekuli inayopaswa kugeuka hufungwa kwenye punje nyingine. Punje mbili ngumu haziwezi kuingiana, hivyo molekuli ikigeuka tunajua kwamba kitu kimesafiri ndani ya kimiminika. Metali nayo ipimwe ndani ya zao, ambako itamfikia mtu, na si kwenye punje peke yake. Kwa hatua hii ya mwisho vyuo vya Afrika Mashariki vinaweza kutumia kwa pamoja mashine chache zinazotunzwa vizuri, badala ya kila kimoja kungoja yake.

Pendekezo la tatu ni kuacha kusagasaga punje kwa sumaku ya kukorogea ndani ya chupa, ambayo huzivunja na kuzalisha vumbi linalopenya kichujio. Punje zijazwe kwenye bomba na malighafi ipite. Njia hii hupunguza uoshaji, huonyesha uchovu wa kichocheo saa kwa saa, na haimpi mtafiti nafasi ya kuuficha kwa kuongeza muda. Mwaka 2015 Shū Kobayashi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha katika jarida la Nature jinsi inavyoweza kufika mbali: dawa iitwayo rolipramu ilijengwa kwa mageuzi manane yaliyopita katika mabomba manne yaliyojaa vichocheo vigumu, bila kutenganisha zao lolote la kati njiani, na kimoja kati ya vichocheo hivyo kilikuwa polistaireni yenye ligandi ya mkono mmoja (yaani ya umbo la kulia au la kushoto tu) na kloridi ya kalisi. Metali ya thamani ilibakizwa kwa hatua iliyoihitaji. Hatua ya kuamua mkono wa molekuli ikapewa kalisi.

Kwa kanda yetu, ningeanza na resini ya asidi, kwa kuwa ndiyo yenye ushahidi na ndiyo inayolingana na malighafi tuliyonayo. Mafuta ya kukaangia yaliyotumika na mafuta ya mbegu zisizoliwa, kama mbono, huwa na asidi huru za mafuta. Kostiki soda ikitiwa humo huzigeuza sabuni: faida kwa mtengeneza sabuni, hasara kwa mtengeneza dizeli ya mimea, ambaye sabuni humzuia kutenganisha gliserini. Resini ya asidi, ikiwa na methanoli, hugeuza asidi hizo huru kuwa esta bila sabuni na bila chumvi. Maadui zake ni maji na ioni za metali, kwa hiyo mafuta yakaushwe na yasafishwe kabla ya kugusa punje. Huu ni utafiti ambao mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaweza kuukamilisha kwa bureti na uaminifu. Wala uwanja huu si mgeni kwetu: mwaka 2001 mwanakemia Mtanzania Egid Mubofu, pamoja na James Clark na Duncan Macquarrie wa Chuo Kikuu cha York, walichapisha katika jarida la Green Chemistry mfumo wa Suzuki wenye paladiamu iliyofungwa kwenye silika. Uwezo upo, na viwango vya juu si vya wageni peke yao.

Ninachokitetea ni kichocheo cha polima chenyewe, na kinadhurika zaidi na sifa zisizopimwa kuliko na maswali magumu. Kila dai lisilothibitishwa hula imani ya mhandisi anayepaswa kuwekeza, na akishaipoteza atarudi kwenye asidi ya pipa na chumvi yake. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kwamba kichocheo kinarudiwa, mtafiti aseme kifungo chake kiko wapi, mwendo wake umeshuka kwa kiasi gani, kilichovuja ni kiasi gani ndani ya zao, na kilo ngapi za taka zimetoka kwa kila kilo ya zao, maji na viyeyushi vya kuoshea vikiwa vimehesabiwa. Majibu hayo manne yanaingia katika jedwali moja dogo. Kichocheo kinachoweza kulijaza jedwali hilo kinastahili jina la kijani. Kisichoweza, kirudi maabara.